Ng'ombe ana chapa, tranka la mwanafunzi je?

Kila ifikapo Januari, barabara iendayo Sirari hupitiwa na mzigo usiofanana na mizigo ya miezi mingine. Juu ya magari ya abiria na nyuma ya pikipiki huonekana matranka ya bati, magodoro yaliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba, ndoo zilizosheheni sabuni, madaftari na kandambili, na mifuko ya unga iliyoshonwa midomo. Hiyo ndiyo mali ya mwanafunzi anayekwenda kuanza mwaka wa masomo mbali na kwao. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, aliyezoea kuona malori yakivuka kwenda Isebania na kurudi, mzigo huo si kitu. Kwa mzazi aliyeuza magunia ya mahindi au mbuzi wawili ili kuukamilisha, hapana mali kubwa kuliko hiyo iliyotoka nyumbani mwake mwaka mzima.

Ni jambo la kusikitisha kwamba si haba wanafunzi ambao mzigo wao haufiki mwezi wa Juni ukiwa kamili. Hutangulia kutoweka shuka lililoanikwa uani. Hufuata kalkuleta. Kisha unga hupungua pasipo mlaji kujulikana. Hatimaye mwanafunzi hurudi jioni moja kutoka darasani na kukuta komeo limeng'olewa, tranka limepasuliwa kwa nondo, na godoro halipo.

Wizi wa namna hiyo katika mabweni, hosteli na vyumba vya kupanga umezoeleka kiasi cha kuhesabiwa kuwa sehemu ya maisha ya shule, kama vile kengele ya alfajiri au baridi ya milima ya Tarime. Mwanafunzi akipeleka malalamiko, huulizwa, "Kwa nini hukufunga vizuri?" Akimpigia simu mzazi wake, huulizwa swali lile lile. Aliyeibiwa hugeuka kuwa mkosaji, na mwizi husahaulika. Mazoea hayo hayana budi kupingwa, kwa kuwa yanajengwa juu ya dhana potofu kwamba kulinda mali ni kununua kufuli kubwa zaidi. Kufunga ni sehemu ndogo tu ya kulinda. Watu wa Tarime, kuliko watu wengi wa nchi hii, walikwisha kulijua jambo hilo zamani katika mali waliyoithamini kupita zote, yaani ng'ombe.

HASARA ISIYOANDIKWA

Yafaa kwanza ifahamike ni nani hasa wanaopatwa na hasara hiyo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulisambaza shule za kata kila upande wa nchi, nyingi zikiwa za kutwa. Lakini kata ni pana, na mtoto anayeishi mwisho wa kata huweza kutembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Hivyo wazazi wakabuni njia zao. Penye umoja wakajenga hosteli kwa nguvu zao. Pasipo hosteli wakawapangia watoto vyumba karibu na shule, vyumba ambavyo vijana wenyewe huviita mageto. Humo mtoto wa miaka 14 hujipikia, hujifulia na kujilinda mwenyewe, pengine akiwa na mwenzake mmoja au wawili wa umri wake.

Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za Serikali kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Lilikuwa jambo kubwa lililofungua milango kwa watoto ambao wangebaki nyumbani. Hata hivyo sare, viatu, madaftari, godoro na shuka vilibaki mikononi mwa mzazi. Maana yake ni kwamba mali iliyomo ndani ya tranka ndiyo ada ya siku hizi. Aibaye tranka hilo anaiba ada ya mtoto.

Na achukuliwe mfano wa msichana wa kidato cha pili aliyepangishiwa chumba nje kidogo ya mji wa Sirari. Mwezi Machi, akiwa darasani, chumba chake kinavunjwa. Vinachukuliwa godoro, blanketi, jiko, debe la unga na sare ya pili. Siku tatu analala juu ya mkeka kwa mwenzake, na siku ya nne anarudi kwao kuomba vingine. Nyumbani hakuna kitu, maana mahindi yaliyokuwa ya kuuza yaliuzwa Januari. Anaambiwa asubiri mavuno. Wiki zinapita, naye yuko jikoni. Wageni wanaanza kuja kuzungumza na baba yake.

Wageni hao kila mwalimu wa Tarime anawafahamu. Huko mahari hulipwa kwa ng'ombe, na binti aliyekaa nyumbani bila shule huanza kuhesabiwa kwa hesabu hiyo upesi kuliko yule aliyeko darasani. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Sheria hiyo ni kali, na inafaa iwe kali. Lakini sheria humshika mkosaji baada ya kosa. Godoro lililolindwa humbakiza binti shuleni kabla kosa halijafikiriwa. Hasara ya namna hiyo haiandikwi popote. Katika daftari la mahudhurio itaonekana alama ya utoro tu, na katika taarifa ya mwisho wa mwaka atakuwa mmoja wa "walioacha masomo".

NONDO NA MOTO

Dawa inayokimbiliwa kwanza ni chuma. Madirisha ya mabweni hutiwa nondo, milango hubandikwa mabati, na usiku kufuli hutiwa kwa nje ili mwizi asiingie na wanafunzi wasitoroke. Shule iliyofanya hivyo hujiona imemaliza kazi.

Historia ya Afrika Mashariki inaonya dhidi ya fikra hiyo kwa vilio. Mwezi Juni 1994, wasichana wapatao 40 waliteketea katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto katika bweni la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa. Nchini Kenya, Machi 1998, wasichana wapatao 26 walikufa katika bweni la Bombolulu, pwani, na Machi 2001 wavulana 67 waliangamia Kyanguli, wilayani Machakos. Katika mikasa hiyo miwili ya Kenya, milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma ndiyo iliyowazuia watoto kutoka. Chuma kilichowekwa kumzuia mwizi kisiingiwe kikawa kizuizi cha mtoto asitoke.

Baada ya mikasa hiyo Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa, mwaka 2008, mwongozo wa usalama wa shule. Mwongozo huo ulikataza nondo katika madirisha ya mabweni, ukataka milango ifunguke kwa nje, ukaagiza kwamba bweni lifungwe wakati wanafunzi wako darasani na lisifungwe kamwe kwa nje wakiwamo ndani. Kuwa na mwongozo si kuutekeleza. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika bweni la Endarasha, Nyeri. Lakini kanuni yenyewe ni sahihi, na inaweza kukaririwa na kila mwalimu wa zamu upande huu wa mpaka: ifungwe nyumba isiyo na watu, penye watu lifungwe tranka.

Iko haja ya kulisema hilo waziwazi kwa sababu mkuu wa shule husukumwa kutoka pande mbili. Wazazi wenye uchungu wa mali iliyoibwa humtaka aongeze vyuma. Akiongeza, humshukuru, mpaka siku ya moto. Mkuu wa shule mwenye busara atawaeleza wazazi katika kikao kwamba godoro hununuliwa tena.

KILIO CHA "MWIZI!"

Dawa ya pili inayokimbiliwa ni fimbo. Kitu kikipotea bwenini, usiku huo huo hutafutwa wa kulaumiwa, na aghalabu anayetazamwa kwanza ni maskini kuliko wenzake: yule mwenye shati moja, yule asiyeletewa kitu na mtu siku za kutembelewa. Wanafunzi wenzake humzingira. Wengine hutaka zipigwe ramli, au kila mmoja ale kiapo. Pengine mwalimu, kwa hasira au kwa kuchoka, hujiunga nao badala ya kuwatuliza.

Mwezi Agosti 2018, katika Shule ya Msingi Kibeta mjini Bukoba, mtoto wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia mwalimu mmoja hatiani kwa kosa la mauaji na kumhukumu kunyongwa. Mkoba mmoja uligharimu uhai wa mtoto, ukaangamiza maisha ya mwalimu na kuacha familia mbili katika msiba. Hapana mwalimu aliyeisikia habari hiyo ambaye anaweza kusema hakuonywa.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziliweka mipaka iliyo wazi: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe katika kitabu. Kanuni hizo zinahusu mwanafunzi aliyethibitika kukosa. Hazimruhusu mtu yeyote kumpiga mtoto ili akiri. Kukiri kwa namna hiyo si ushahidi, kwa maana mtoto anayepigwa atakubali hata wizi wa mwezi. Tena mwizi halisi, amwonapo mwenzake akiadhibiwa kwa kosa lake, hujifunza kwamba hatakamatwa.

Yapo pia matofauti ambayo mlezi hana budi kuyatambua. Anayeiba simu ili aiuze sokoni, na anayechota kikombe cha unga wa mwenzake kwa sababu hajala tangu jana, wote wameiba. Lakini dawa yao si moja. Penye uji wa saa nne na chakula cha mchana kwa michango ya wazazi, wizi wa unga hupungua wenyewe. Shule inayolalamikia wezi wa chakula ingefaa ijiulize kwanza ni wangapi wanaolala na njaa.

CHAPA, DAFTARI NA ZAMU

Ikiwa chuma peke yake kina hatari na fimbo haifai, basi kitu gani kinafaa? Jibu liko malishoni. Mfugaji wa Tarime halindi ng'ombe wake kwa ukuta wa zizi peke yake. Ng'ombe hujulikana kwa rangi, kwa pembe na kwa alama, na majirani wanamjua kama mwenyewe anavyomjua. Huhesabiwa jioni. Akiibwa, yowe hupigwa na nyayo hufuatwa usiku huo huo, na mahali nyayo zinapoishia, wenyeji wa hapo huulizwa. Wazee wana mkutano wao wa jadi, ritongo, ambamo habari ya wizi huzungumzwa mbele ya watu wote. Kinga ya ng'ombe imo katika mambo manne: alama, hesabu, macho ya majirani, na hakika kwamba jambo litafuatiliwa hadi mwisho.

Serikali nayo ilizifanya alama na hesabu kuwa sheria. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 ilitaka mnyama atambulike na aandikishwe, na baadaye zikafuata kampeni za kupiga chapa na kuvisha hereni. Swali linalofaa kuulizwa katika kila kikao cha wazazi ni jepesi: ikiwa ng'ombe amestahili chapa, hereni na daftari, kwa nini tranka la mtoto lisistahili?

Chapa ya tranka haihitaji moto. Herufi za shule na namba ya kuandikishwa ya mwanafunzi ziandikwe kwa rangi ya mafuta mahali pawili: juu ya kifuniko, na ndani ambako mwizi hatakumbuka kutazama. Godoro liandikwe juu ya kitambaa chenyewe, siyo juu ya foronya. Blanketi, shuka na sare zishonwe namba kwa uzi wa rangi nyingine pembeni. Ndoo na beseni zichorwe kwa msumari uliopashwa moto. Kitu chenye alama ni vigumu kukiuza, na kisichouzika hakina faida ya kuibwa. Ibaki siri pale tu inapofaa: ufunguo usiandikwe jina wala namba, maana ukiokotwa utamwongoza aliyeuokota.

Baada ya chapa ni daftari. Kaunta buku moja kwa bweni inatosha. Siku ya kufungua shule, mwanafunzi huorodhesha mali yake mbele ya matroni au patroni, wote wawili hutia sahihi, na nakala hupewa mzazi. Kinachotoka katikati ya muhula huandikwa, kinachoingia huandikwa. Daftari hilo lina kazi mbili. Humsaidia aliyeibiwa kuthibitisha kwamba kitu kilikuwa chake na kilikuwapo. Kadhalika humlinda asiye na hatia, kwa kuwa mwenye shati jipya anaweza kuonyesha mahali lilipoandikwa badala ya kuzingirwa usiku.

Fedha ni jambo la pekee. Fedha haina chapa, kwa hiyo isilale ndani ya tranka. Mzazi apeleke kidogo kidogo, na kinachozidi matumizi ya siku chache kiwekwe kwa mhasibu wa shule au mlezi kwa stakabadhi. Mwenye simu asimpe rafiki namba yake ya siri ya kutolea fedha, hata rafiki wa damu. Simu yenyewe, kwa wale walioruhusiwa kuwa nayo, kama vile wanachuo, ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia, wananchi wengi walijifunza kuiona namba hiyo kwa kubonyeza *#06#. Iandikwe katika daftari kabla simu haijaibwa, kwa maana baada ya kuibwa haitaonekana tena. Mwenye namba hiyo na taarifa ya polisi ana kitu cha kufuatilia; asiye nayo ana kilio tu.

Linalofuata ni zamu. Wizi mwingi wa malazini huhitaji mwizi ajue ratiba: saa ya gwaride, saa ya mtihani, siku ya ibada, siku ya mechi. Mwizi wa namna hiyo mara nyingi si mgeni. Basi wakati ambapo nyumba inajulikana kuwa tupu ndio wakati wa kuwapo mtu. Wanafunzi wawili kwa zamu, kwa muda usiowanyima masomo, pamoja na mlinzi ambaye majukumu yake yameandikwa, wanatosha kuondoa uhakika wa mwizi. Na wakati wa likizo, mali inayobaki ikusanywe katika chumba kimoja kilichofungwa kwa makufuli mawili, funguo zikiwa kwa watu wawili tofauti.

Yatasemwa kwamba mwalimu ana kazi nyingi mno. Ni kweli. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 80 hawezi kuwa karani wa mashuka. Lakini kazi hii si yake peke yake, wala haifai iwe yake. Viranja wa bweni wanaweza kuliandika daftari. Kamati ya wazazi inaweza kulikagua kila muhula. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilitaka shule iwe jumuiya ambayo wanafunzi wake wanashiriki kuiendesha. Hapana somo la kujitegemea lililo wazi kuliko kijana kulinda mali ya mwenzake akijua kesho yake italindwa naye. Kijana aliyelea daftari hilo miaka minne atakuwa mtunza ghala mwaminifu popote atakapoajiriwa.

WALE WA MAGETONI

Yote hayo ni rahisi zaidi penye matroni na kengele. Mtihani mkubwa uko kwa wale waliopanga, ambao hawana patroni, hawana mlinzi, na nyumba yao inajulikana na kila mpita njia kuwa tupu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni.

Kwao mlinzi wa kwanza ni mwenye nyumba. Anayepokea kodi ya mtoto amepokea pia sehemu ya ulezi. Mlango wake uwe wa mbao nzima, na komeo lipigiliwe kwa misumari mirefu iliyokunjwa kwa ndani. Apangishapo mtu mpya abadilishe kufuli, kwa sababu mpangaji aliyeondoka mara nyingi ameondoka na ufunguo. Mwanafunzi naye asiweke kitanda, nguo wala simu karibu na dirisha, maana wapo wezi wanaovua vitu kwa fimbo yenye ndoano bila kuingia ndani. Asimwambie kila mtu siku anayoletewa chakula au fedha. Akienda kwao mwisho wa wiki, amwage jirani mmoja anayemwamini.

Mlinzi wa pili ni ujirani wenyewe. Balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kitongoji wanajua ni nani amehamia. Kwa hiyo shule iwapelekee orodha ya wanafunzi waliopanga katika eneo lao, na wao wamjue kila mtoto kwa sura. Mwanamke anayeuza mboga kando ya njia, fundi baiskeli aliyekaa mbele ya nyumba mchana kutwa, hao ndio macho ya mtaa. Waombwe kwa heshima, watambulishwe watoto, nao watapaza sauti wakimwona mtu anatoka na godoro saa nne asubuhi.

Ulinzi wa namna hiyo si mgeni. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Unyamwezini na Usukumani, nguvu yao ilitoka katika ujirani uliokataa kuibiwa, na mwaka 1989 sheria iliwatambua ndani ya mfumo wa mgambo. Lakini historia yao ina somo la pili pia. Mahali walipojifanya polisi, mahakimu na wapiga viboko kwa pamoja, waliwaumiza wasio na hatia na kupoteza imani ya watu. Ujirani ni macho na sauti. Kukamata ni kwa kumkabidhi mtu kituoni, na kuhukumu ni kazi ya mahakama.

SOKO LINALONUNUA

Mwisho, Sirari ina jambo lake isilolingana na miji mingine. Ni mji wa mpakani. Hatua chache mbele ni Isebania, katika jamhuri nyingine, ambako watu wanasema lugha ile ile, wanaoleana na kuuziana. Undugu huo ni baraka. Lakini kitu kilichoibwa asubuhi upande mmoja chaweza kuuzwa mchana upande wa pili, na simu iliyofungiwa na mitandao ya nchi moja si lazima ifungiwe na mitandao ya nchi nyingine.

Hata hivyo mpaka usifanywe kisingizio. Mwizi wa magodoro haibi ili alale juu ya magodoro kumi. Anaiba kwa sababu yupo anayenunua bila kuuliza. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 311, inamhesabu anayepokea mali akijua kuwa ni ya wizi kuwa mhalifu kamili. Mwenye duka la vitu vilivyotumika, fundi simu, na mama anayetafuta godoro la bei nafuu, wote wana swali moja la kuuliza: "Alama hii ni ya nani?" Ikiwa kila tranka na kila godoro la mwanafunzi lina herufi za shule, swali hilo linakuwa rahisi kuulizwa, na jibu la uongo linakuwa gumu kutolewa. Wakuu wa shule za pande zote mbili za mpaka wangeweza kupelekeana alama zao, kama vile wazee wa pande hizo walivyozoea kuulizana habari za ng'ombe waliopotea. Hilo halihitaji mkataba wa kimataifa. Linahitaji barua moja na kikombe cha chai.

Kaunta buku, kopo la rangi, uzi na sindano: gharama yake yote haifiki bei ya mbuzi mmoja. Kinachotakiwa zaidi ni kuacha kumuuliza mtoto aliyeibiwa kwa nini hakufunga vizuri, na badala yake watu wazima waulizane wao kwa wao ni nani aliyekuwa akitazama. Mfugaji aliyeibiwa ng'ombe haambiwi akalale. Yowe hupigwa, na mtaa mzima hutoka. Siku binti wa kidato cha pili atakapokuta chumba chake kimevunjwa na mtaa ukatoka vivyo hivyo, ukafuata nyayo, ukauliza alama, ukamkabidhi mwizi kwa polisi akiwa mzima na kumrudishia binti godoro lake kabla jua halijazama, siku hiyo atalala, na kesho yake asubuhi atakuwa darasani.